Mkataba mmoja, orodha mbili: rubani wa katikati apige kura vipi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Mimi ni rubani msaidizi hapa Marekani, nina miaka 7 katika shirika ambalo sasa limeungana na jingine. Tumeletewa rasimu ya mkataba mmoja wa kazi kwa marubani wa pande zote mbili, na tunatakiwa kuipigia kura. Makapteni wenye miaka zaidi ya 20 wanasema tupige ndiyo haraka. Vijana walioajiriwa mwaka jana nao wanashangilia nyongeza ya mshahara. Mimi niliye katikati sioni vizuri. Orodha ya pamoja ya ukongwe bado haijatoka. Je, mkataba huu unaniongezea au unanipunguzia?"

Marahaba, ndugu yangu. Wasiwasi wako una msingi. Kapteni mkongwe na kijana mpya wanaweza kupiga kura kwa kutazama jedwali la mishahara tu, na wasikosee sana. Wewe huna nafasi hiyo. Mtu wa katikati ndiye anayepaswa kuusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, zikiwemo zile barua za nyongeza ambazo watu huziruka.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye vyumba vya marubani huzungumzwa kama jambo moja. Mkataba wa pamoja ni makubaliano kati ya chama na kampuni: mshahara, saa za kazi, mapumziko, zamu za akiba (kukaa tayari kuitwa kazini), uhamisho, michango ya uzeeni. Orodha ya ukongwe, inayompa kila rubani namba yake kuanzia mkongwe hadi mgeni, ni ugomvi mwingine kabisa. Hapo ni marubani dhidi ya marubani, na kampuni kwa kawaida hukaa pembeni, mradi orodha isiilazimishe kuwafundisha upya mamia ya watu ndege nyingine kwa gharama yake. Mkataba unaweza kuwa mzuri na orodha ikawa mbaya kwako, au kinyume chake. Makapteni wako wanaposema "mkataba ni mzuri" wanasema kweli. Hawajakwambia lolote kuhusu orodha.

Kwa nini namba ndiyo kila kitu? Kwa sababu kwa rubani wa Marekani namba ya ukongwe ndiyo inayoamua utaruka ndege gani, kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha msaidizi, kutoka kituo gani, na kama sikukuu utakuwa nyumbani au hotelini. Kompyuta inayogawa ratiba za mwezi huanza na namba 1 na kushuka. Wewe unapata kilichobaki baada ya wote walio juu yako kuchagua. Na huwezi kuhama na namba hiyo: ukienda shirika jingine unaanza chini kabisa. Ndiyo maana watu wazima, wenye wajukuu, hugombana juu ya nafasi 50 kwenye orodha kama wanagombea urithi.

Sheria inasemaje? Mahusiano ya kazi ya mashirika ya ndege ya Marekani yako chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa kuhusu usafiri wa anga mwaka 1936. Jambo moja la sheria hiyo linakuhusu moja kwa moja: mkataba hauishi muda wake. Unafika tarehe ya kufunguliwa upya, basi, na masharti yake yanaendelea kufanya kazi hadi mapya yapatikane, hata ikichukua miaka. Kifungu kibovu utakachokipitisha mwaka huu unaweza kukaa nacho muda mrefu kuliko ile tarehe iliyoandikwa kwenye jalada.

Kuhusu orodha, kuna kifungu kilichopitishwa na Bunge la Marekani mwishoni mwa 2007, kinachojulikana kwa majina ya maseneta wawili wa Missouri, McCaskill na Bond. Kinataka orodha za ukongwe ziunganishwe kwa njia ya haki na usawa, na pande zikishindwa kuelewana, suala liende kwa mwamuzi. Msingi wake ni masharti yaliyowekwa na serikali wakati shirika la ndege la Allegheny lilipoungana na lile la Mohawk mwaka 1972. Haikuwa bahati kwamba maseneta wenyewe walitoka Missouri. Mwaka 2001 shirika la American liliinunua TWA, shirika lililokuwa mufilisi, ambalo kitovu chake kilikuwa St. Louis, Missouri. Zaidi ya nusu ya marubani wa TWA walibandikwa mkiani mwa orodha ya American, hata kama walikuwa wameruka miaka kumi na zaidi. Waliwekewa uzio, yaani viti fulani vya ukapteni vya St. Louis vitengwe kwa ajili yao. Likatokea la Septemba 11, usafiri ukaanguka, punguzo la wafanyakazi likaanzia mkiani, na baadaye safari za St. Louis zenyewe zikakatwa. Uzio ulilinda viti vya kituo ambacho hakikuwa tena na kazi.

Marubani hao walikishtaki chama chao, ALPA, kwa kutowawakilisha kwa haki. Mwaka 2011 mahakama ya shirikisho huko New Jersey iliona kweli chama kilikiuka wajibu wake, na mwaka 2014 kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 53. Nakutajia hili ili usijidanganye kwamba ukionewa utakwenda mahakamani mambo yanyooke. Wale walishinda, na walilipwa miaka 13 baada ya tukio. Kesi nyingi za aina hiyo hazifiki hata hapo, kwa kuwa tangu 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani imekipa chama uwanja mpana: mradi uamuzi wake si wa kibaguzi, wa hila au usio na mantiki kabisa, unasimama.

Sasa tuje kwenye namba yako. Nitatumia hesabu ya kubuni ili uone jinsi mambo yanavyokwenda, nawe uweke za kwenu mahali pake.

Tuseme shirika lako lina marubani 1,000 na wewe ni wa 700. Upo kwenye asilimia 70 kutoka juu. Shirika la pili lina marubani 500. Mwamuzi akiunganisha kwa uwiano, yaani wawili wenu kwa mmoja wao, utakuwa wa 1,050 kati ya 1,500. Bado asilimia 70. Kamati itakutumia barua kwamba hujapoteza kitu, na siku hiyo ya kwanza ni kweli.

Lakini angalia umri. Tuseme kwenu marubani wengi ni wazee, na katika miaka 10 ijayo nusu ya wale 700 walio juu yako watafikisha miaka 65, umri wa lazima wa kustaafu. Kule kwa wenzenu ni vijana: kati ya 350 waliowekwa juu yako, 50 tu ndio watakaoondoka. Kama mngebaki peke yenu, baada ya miaka 10 ungekuwa wa 350 kati ya 1,000, asilimia 35, pengine ukapteni umeshaupata zamani. Baada ya kuungana, wanaoondoka juu yako ni 350 wa kwenu na 50 wa kwao, jumla 400. Unakuwa wa 650 kati ya 1,500, asilimia 43. Umepoteza pointi 8 bila mtu yeyote kukuruka siku ya kwanza. Na mwenzako wa upande wa pili aliyekuwa na asilimia ileile 70? Peke yao angefika asilimia 60 tu. Sasa naye yuko 43, amepewa pointi 17 na wastaafu wenu.

Hicho ndicho kiini cha mashauri yote ya orodha: nani alikuwa anatarajia nini kabla ya muungano, na muungano usimpe mmoja neema ya ghafla kutoka mfukoni mwa mwingine. Delta ilipoungana na Northwest mwaka 2008, upande wa Northwest, wenye wazee wengi waliokaribia kustaafu, ulibishana juu ya jambo hilihili. Waamuzi waliunganisha kwa cheo na aina ya ndege, wakaweka uzio wa muda kwenye ndege kubwa: Boeing 747 kwa waliotoka Northwest, 777 kwa waliotoka Delta. Katika muungano wa United na Continental, orodha ilitoka 2013 na waamuzi walichanganya vigezo: cheo na aina ya ndege vikapewa uzito wa asilimia 65, miaka ya utumishi asilimia 35. Huo uzito wa pili uliwasaidia waliokaa miaka mingi kazini lakini bahati ikawaweka kwenye viti vidogo au wakapumzishwa kwa muda bila malipo.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "tutaunganishwa kwa tarehe ya kuajiriwa, ndiyo haki," muulize alikotoa. Tarehe ya kuajiriwa ni rahisi kueleweka na ina mvuto, lakini waamuzi wa miaka ya karibuni hawaitumii peke yake. Mfano mgumu ni US Airways na America West, walioungana 2005. Upande wa mashariki, US Airways, ulikuwa na watu wenye miaka mingi sana kazini, lakini shirika lao lilikuwa limepitia kufilisika mara mbili na mamia yao walikuwa wamepunguzwa. Upande wa magharibi ulikuwa na vijana, shirika lao likiajiri. Uamuzi wa George Nicolau wa Mei 2007 uliwaweka juu kabisa marubani wakongwe wa mashariki, kama 500, ukachanganya waliobaki kazini kwa uwiano, na ukawaweka chini waliokuwa nje ya kazi. Mtu mwenye miaka 17 ya ajira alijikuta nyuma ya rubani wa magharibi aliyeajiriwa miezi michache tu kabla ya muungano. Kwa mwamuzi, yule wa kwanza hakuwa na kiti cha kuleta mezani na wa pili alikuwa nacho. Kwa yule wa miaka 17 hilo lilikuwa tusi, na sikatai kwamba linauma.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka ukiangalie kwa makini kabla ya kura yako. Masharti yao yalisema orodha mpya haitaanza kutumika hadi mkataba wa pamoja upatikane. Basi wa mashariki wakaukalia mkataba. Mwaka 2008 walikiondoa ALPA kwa kura na kuunda chama chao, USAPA, ambacho kilikuja na msimamo wa tarehe ya kuajiriwa. Kesi zikafunguliwa na wa magharibi, zikapanda na kushuka mahakamani. Miaka ikapita, wa mashariki wakiendelea kulipwa kwa viwango vya enzi za kufilisika, wa magharibi kwa mkataba wao wa zamani, na kampuni ikiendesha makundi mawili kwa bei nafuu. Hawakuruka chini ya mkataba mmoja hadi baada ya muungano mwingine, ule wa American uliokamilika Desemba 2013. Orodha ya mwisho ya wote ilitoka Septemba 2016. Piga hesabu mwenyewe ya mishahara ya miaka hiyo. Kwa mkongwe aliyestaafu katikati, mkataba huo haukufika kabisa.

Nasema hivi kwa sababu nimeshasikia marubani wa katikati wakipanga kupiga hapana ili "kuishinikiza" kamati ya orodha. Kura yako ya mkataba haibadilishi namba yako. Waamuzi hutazama hali ya kila upande ilivyokuwa kabla ya kuungana, kwa picha iliyochukuliwa tarehe maalumu: nani alikuwa kiti gani, ndege gani, nani yuko nje. Hapana yako leo haitaigusa picha hiyo. Inachoweza kufanya ni kuchelewesha pesa.

Tukirudi kwenye pesa, ni kweli jedwali linapendeza. Ila lisome kwa macho yako, usilisome kwa macho ya kapteni. Mashirika makubwa hulipa kwa saa ya kuruka, kulingana na kiti, aina ya ndege na mwaka wa utumishi, na ngazi za miaka kwa kawaida huishia mwaka wa 12. Mwenye miaka 24 na mwenye miaka 12 katika kiti kimoja hulipwa sawa. Mara nyingi miaka yako ya malipo huja nawe yote katika muungano hata kama namba yako imeshuka, na hilo huwachanganya watu: wanaona malipo ya mwaka wa 8 wakadhani wamekuwa wa mwaka wa 8 kwenye orodha. Ni hesabu mbili tofauti.

Chukua mfano huu. Rubani msaidizi analipwa 100 kwa mwaka, kapteni 150, ambayo haiko mbali na uwiano wa kawaida. Bila muungano ungepanda ukapteni baada ya miaka 3. Katika miaka 10 ungepata mara tatu 100 na mara saba 150, jumla 1,350. Mkataba mpya unaleta nyongeza ya asilimia 10, lakini orodha inakuchelewesha hadi mwaka wa 5. Sasa unapata mara tano 110 na mara tano 165, jumla 1,375. Ile asilimia 10 iliyoandikwa kwa herufi nzito imebaki chini ya asilimia 2. Kapteni wa miaka 24 kwenye mkataba uleule amepata 10 yake yote, tena juu ya kiwango kikubwa, pamoja na asilimia ya mchango wa uzeeni inayohesabiwa juu ya mshahara huohuo. Ndiyo maana anakuharakisha. Hakudanganyi. Anapiga hesabu ya miaka michache aliyobakiwa nayo.

Na kijana wa mwaka mmoja? Yeye yuko chini kwenye orodha yoyote ile, na karibu wote walio juu yake wataondoka kabla yake. Nyongeza ya miaka ya mwanzo inambadilishia maisha mara moja. Hatari yake iko kwingine: kama kampuni itapunguza watu, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Tena walioajiriwa baada ya muungano kutangazwa kwa kawaida huambiwa wazi kwamba wamejua walikoingia, na hupangwa nyuma ya wengine wote kwa tarehe zao. Hao hawana la kubishania.

Southwest na AirTran, 2011, ndiyo picha kamili ya pesa kupanda na namba kushuka. Viongozi wa marubani wa AirTran walikataa pendekezo la kwanza la orodha bila kulipeleka kwa wanachama. La pili, lililopitishwa mwaka huohuo, likawa dhaifu zaidi kwao. Marubani wa AirTran walipata viwango vya mishahara vya Southwest, vilivyokuwa bora mno kuliko vyao, lakini walishuka sana kwenye orodha. Kisha Southwest ikazikodisha Boeing 717 zote 88 za AirTran kwa Delta, na baadhi ya makapteni wakarudi kiti cha kulia. Mfuko ulijaa huku sare ikipungukiwa mstari mmoja. Kuna walioridhika kabisa na biashara hiyo, na kuna ambao hadi leo ukiitaja 717 wanabadili mazungumzo. Wote wawili nawaelewa.

Sasa nikuoneshe kurasa za mkataba ambazo kwa mtu wa nafasi yako zina uzito kuliko jedwali la mishahara.

Ya kwanza ni sura ya kusukumwa. Kampuni zinapoungana, vituo hufungwa. Karibu hakuna muungano uliokwepa hilo. Memphis, iliyokuwa kitovu cha Northwest, Delta iliacha kuitumia hivyo mwaka 2013. Cleveland, iliyotoka Continental, United ilianza kuipunguza 2014. Kituo kikifungwa, kapteni mkongwe hutumia namba yake kuchukua kiti cha mdogo wake kwenye kituo kingine, huyo naye anamsukuma aliye chini yake, na mnyororo unateremka hadi kumfikia mtu wa miaka 7 aliyekuwa amejipanga nyumba na shule za watoto. Mkongwe hasukumwi mbali. Kijana hakuwa na kituo anachokipenda hata hivyo. Anayeng'olewa ni wewe. Kwa hiyo tafuta: kampuni inalipa gharama za kuhama kwa nani, kwa muda gani, na je, anayesukumwa analindwa mshahara wa kiti alichokiacha? Kwa miezi mingapi?

Ya pili, tafuta sentensi inayosema kwamba kuunganisha orodha peke yake hakumng'oi mtu kwenye kiti alichonacho. Karibu kila muungano una sharti hilo, na kampuni hulipenda kwa sababu linazuia wimbi la mafunzo. Kwako ni upanga wa pande mbili. Ukiwa na kiti leo, linakulinda. Ukiwa umepewa namba nzuri inayostahili kiti kilichokaliwa na mdogo wako wa upande wa pili, utasubiri hadi kiti kiwe wazi. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba namba yao ni ya mapambo.

Ya tatu ni akiba. Mtu anaweza kuwa msaidizi mwenye ratiba yake kamili katika shirika dogo, kisha baada ya muungano akarudi akiba kwenye kituo kikubwa. Soma muda unaopewa kufika uwanjani unapoitwa. Kupewa muda wa saa mbili na kupewa muda wa saa kumi na mbili ni maisha tofauti kabisa kwa mtu anayeishi mji mwingine na kupanda ndege kwenda kazini. Soma pia siku ngapi za akiba kampuni inaweza kuzihamisha, na saa za chini unazohakikishiwa kulipwa kwa mwezi. Mkongwe hazisomi kurasa hizo kwa sababu hajakaa akiba tangu enzi za tikiti za karatasi.

Likizo nitaipita haraka: idadi ya siku hufuata miaka ya utumishi, lakini tarehe huchaguliwa kwa namba. Utabaki na siku zako zote, ila Desemba usiihesabu.

Kuna barua moja ya nyongeza usiiache. Ni ile inayoeleza lini orodha itaanza kutumika na masharti yake: uzio kwenye ndege zipi na vituo vipi, unaisha tarehe gani, na ndege zilizoagizwa kabla ya muungano ni za nani zikifika. Uzio unaotaja aina ya ndege bila kutaja idadi ya viti hauna nguvu. Ndege zikiuzwa au kukodishwa, nawe umebaki umezungushiwa uwanja mtupu. Kama vitu hivyo vimeachwa kwa waamuzi wa orodha, iombe kamati yenu iseme hivyo kwa maandishi, ili isije ikadaiwa baadaye kwamba mkataba ulishayamaliza.

Pia uliza kura zinahesabiwaje. Zikihesabiwa kwa pamoja, kundi kubwa linaweza kupitisha mkataba ambao kundi dogo zima limeukataa. Kila upande ukihesabiwa peke yake, nguvu yako ni tofauti, na mazungumzo yako na viongozi wenu yatakuwa na maana zaidi kabla ya siku ya kura kuliko baada yake.

Umeniuliza kama unaongezewa au unapunguziwa. Bila kuiona rasimu yenu naweza kukwambia hivi: ningekuwa wewe, ningeomba kwa kamati ya orodha jedwali la kustaafu la pande zote mbili, mwaka kwa mwaka, kwa watu walio juu yako tu. Wanalo, kwa sababu ndilo watakalolipeleka kwa waamuzi. Ukigundua kwamba wazee wako upande wa wenzenu, tulia, muungano huu utakubeba. Ukigundua wako upande wenu, fanya ile hesabu ya miaka 10 kwa viwango halisi vya rasimu, ukichelewesha ukapteni kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu, uone ni wapi nyongeza inapomezwa. Halafu pima sura ya kusukumwa na ya akiba. Zikiwa imara, ningepiga ndiyo hata kama hesabu ya orodha inanikera, kwa kuwa namba itaamuliwa kwingine na pesa zinazocheleweshwa hazirudi. Zikiwa legelege, yaani kampuni inaweza kufunga kituo na kukuhamisha kwa gharama yako, ningepiga hapana, na ningewaandikia viongozi wa tawi langu kifungu kwa kifungu kilichonikwaza, kwa sababu hapana isiyo na maelezo husomwa na kampuni kama ombi la kuongezewa asilimia mbili za mshahara, nawe shida yako haikuwa mshahara.